Shangazi wa Chumba cha Seli Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake la kwenye mkataba lipo, ila wanaolitumia ni watu wa benki tu. Kwetu sisi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, ni Shangazi.

Alikuja akiwa mtafiti kijana wa seli zinazofunika ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Enzi hizo wengi tulizichukulia kama rangi ya ukutani. Yeye akashikilia kwamba ni walinzi wa mlango. Vijidudu vikivamia, seli hizo hutoa vishikio, na chembe nyeupe za damu zinazopita hunaswa, zikapenya kwenda kusaidia. Ndipo mahali pale huvimba na kupata joto. Hatari ikiisha, huvirudisha vishikio ndani, mwili ukatulia. Zisipotulia, mwili huanza kujiumiza wenyewe.

Wakongwe tunakumbuka mwaka ule mgumu. Seli alizokuwa akizikuza chumbani kwake zilitoa vishikio hata kabla hazijachokozwa. Alilaumu maji, akalaumu vyombo, akanilaumu hata mimi na manukato yangu. Mkurugenzi wa wakati huo alishasema chumba kifungwe. Asubuhi moja Shangazi akaingia anajicheka: damu mwilini hutiririka bila kukoma, naye alikuwa amezituamisha seli zake kwenye vibakuli kama maji ya dimbwi!

Fundi wa karakana akamuundia pampu. Ya kwanza ilivuja hadi ofisi ya mhasibu, ambaye alikuja kulalamika akiwa ameshika viatu mkononi. Ya pili ikakubali. Maji yalipoanza kuzipitia, seli zililala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, zikavirudisha vishikio. Chumba kikapona, na mlio wa pampu ile tukauzoea hadi siku umeme ukikatika tunauota.

Nimekumbuka mengi wiki hii: ule mlio, harufu ya spiriti, na Shangazi amevaa sweta kwenye chumba cha joto, akituonya kila tunapofungua mlango kwa kishindo tusizishtue seli zake. Tulipogombania nafasi kwenye jokofu, alituacha tuseme yote, kisha akatuuliza kama tumeshavimba vya kutosha, tukanywe chai. Tulikwenda, tena tukicheka.

Kustaafu kwenyewe kulimshinda mwaka jana. Mrithi wake, tunayemwita Mrefu, aliachiwa seli likizo moja tu zikafa zote, na Shangazi akaomba aongezewe mwaka. Mume wake, fundi saa, alitania kwamba alimwoa yeye pamoja na pampu. Kusema kweli, wote tuliogopa kwamba kazi ya maisha yake ingekwisha siku atakapofunga mlango.

Jumatatu alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akamwachia Mrefu kila kitu. Mrefu alitoka jasho. Alipomaliza, Shangazi aliinamia darubini, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari wa koti la Mrefu.

Asante, Shangazi, kwa subira na kwa chai zote zile. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wasiofunga milango kwa kishindo. Nenda kapumzike bila wasiwasi. Seli zimetulia, ni sisi tu ambao bado.