Kuku wa Kauri wa Nyumba ya Thornhow

Mheshimiwa Kasisi Aldous, waheshimiwa majirani, mwanangu Jasper na mkeo Letitia, nanyi nyote mliotumikia nyumba hii: nawasalimu.

Kesho nahamia nyumba ya wajane, ng'ambo ya bustani. Ndiyo desturi, mwana akioa, mama hupisha. Silalamiki. Ila najua huko jikoni mnabishana juu ya jambo moja tu: yule kuku ataondoka na nani?

Nani hapa hamjui? Bakuli letu la supu, chini kiota, juu kifuniko chenye kuku aliyeatamia, vifaranga wakichungulia mbawani. Marehemu mume wangu, Ambrose, alimnunua mwaka tuliooana. Bwana Bohun, ambaye leo ameketi pale na miwani mipya, aliwahi kumchoma uma mgongoni, akasema, "Bibi, kuku wako hajaiva." Ambrose akamjibu, "Jirani, kuku mwenye watoto halengwi jiwe, sembuse uma." Alama ingalipo. Usiiname, Bwana Bohun, tumeshakusamehe.

Letitia alipofika alipenda vyombo vyeupe vitupu, visivyo na mdomo wala mkia. Nilinuna. Yeye hakununa, kila Jumapili alimweka kuku mezani, uso umenielekea mimi. Mkwe wa namna hiyo wangapi wanaye?

Kwa sheria ya urithi, kuku ni wa Jasper. Nilipomwomba alisema, "Mchukue tu, mama." Letitia naye akauliza, bila ubaya wowote, "Lakini mama, bakuli lile ni la watu kumi na wawili. Kule utakula na nani?"

Swali lile lilinichoma kuliko uma wa Bwana Bohun. Ndugu zangu, siogopi nyumba ndogo. Naogopa kula peke yangu, na kusahauliwa nikiwa naona moshi wa jiko lenu dirishani.

Basi nimekata shauri. Kiota kinabaki hapa. Kuku naondoka naye. Letitia, supu isiyofunikwa hupoa, nawe wajua wageni wa nyumba hii hawapendi supu baridi. Kila mtakapoihitaji ya moto, tumeni gari limfuate kuku. Mtamkuta mlangoni, nimempakata, na kofia nimeshavaa.

Asanteni kwa kunivumilia. Hester, mpishi wetu, lete supu. Leo kuku bado yuko kiotani.