Aliyekuwa Barabarani Siku ya Penalti

Hapa Clonarra kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la akina Devaney, kwenye njia panda ya kwenda mji wa Sligo. Kahawa ni ya mashine, chungu, na kila asubuhi tunaisema vibaya, kesho yake tunairudia. Mwenye duka, Attracta, tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Dinny Tansey ni Waziri. Aliwahi kugombea udiwani akaangushwa, ila bado anatupungia mkono kama aliyeshinda. Malachy Feehily, mfuga kondoo, ni Penalti, na sababu utaisikia. Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Asubuhi hiyo ya Juni Redio alitoka na gazeti, kidole kikiwa kwenye safu ya kumbukumbu.

— Leo ndiyo siku yenyewe, akasema. Sisi na Romania, Kombe la Dunia, kule Genoa. Tulipowatoa kwa penalti.

— Mwaka tisini, Waziri akadakia. Siku nchi hii ilipozaliwa upya.

— Nchi ilizaliwa kwa bunduki, Waziri. Mpira ulikuja baadaye.

— Tulia nikupe siasa. Juni tunashinda penalti. Novemba tunamchagua rais mwanamke, wa kwanza. Unadhani ni bahati tu? Watu walimwona beki, tena wa akiba, anatia ya mwisho wavuni, wakajua sasa lolote linawezekana. Baada ya hapo viwanda, barabara, kazi. Vyote vimetoka kwenye ule mguu.

— Ungehubiri hivyo wakati ule ungepata udiwani, Redio akasema. Kilichotuvusha ni sanamu yangu ya Mtoto Yesu wa Praha. Niliibeba mpaka baa, nikaiweka juu ya televisheni, nikaigeuza itazame kulia. Kipa wetu akaruka wapi?

— Kulia kwake au kulia kwa sanamu? nikauliza.

— Wewe kunywa kahawa yako.

Penalti alikuwa akingoja zamu yake. Alishusha kikombe, akavuta suruali magotini.

— Nyie mnasimulia mlichosikia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, pua imegusa kioo cha televisheni. Yule beki alipoweka mpira chini nilimwambia, taratibu kaka, mwache kipa aruke kwanza. Na akamwacha. Aliniangalia mimi yule.

— Kutoka Italia?

— Kutoka Italia.

Tukacheka. Kila mwaka hadithi hiyo inanenepa, na hakuna anayetaka ikonde.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, gari la kukodi nyuma yake. Tulidhani ni mtalii anayenyoosha miguu. Akasogea.

— Samahani wazee wangu. Naitwa Dervla Scanlon, nimetoka Manchester. Siku hiyo nyote mlikuwa baa?

— Wote, mwanangu, akasema Redio. Hata padri.

— Basi nani alikuwa barabarani?

Waziri akamwuliza, barabara gani?

Akatueleza. Mama yake, mwenyeji wa kaunti jirani ya Mayo, alikuwa peke yake akienda Sligo na mimba kubwa. Gari likamfia darajani, hapo chini, na uchungu ukamshika palepale. Hakuna gari lililopita, kwa sababu nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Mwisho akatokea mwanamume mmoja, akampakia na kumkimbiza hospitali. Mama hakumuuliza jina. Alichokumbuka ni kwamba yule mtu alisema anatoka Clonarra, na kwamba alinuka kondoo.

— Wote hapa tunanuka kondoo, Waziri akasema kwa upole.

— Mama alifariki baada ya Pasaka. Aliniomba nimtafute, nimwambie asante.

Waziri alivua kofia, akaiweka gotini. Redio alikunja gazeti, akalikunjua.

— Baa ilijaa mpaka dirishani, mwanangu, akasema. Sikumbuki aliyekosekana. Labda mama alichanganya kijiji.

— Hakuchanganya, akasema Penalti.

Hakumtazama yeyote kati yetu. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya kwenye hadithi.

— Nilikuwa nakuja kutazama mechi. Nikamkuta mama yako ameshika ukingo wa daraja. Gari langu halikuwa na redio. Njia nzima alinibana mkono, mimi naendesha kwa mmoja. Hatukufika kwa wakati. Ulizaliwa kabla ya mji, nikakufunga kwa koti langu.

— Ni wewe?

— Niliporudi, kila kijiji watu wamemwagika barabarani, wanapiga boneti langu, wanaimba. Ndivyo nilivyojua tumeshinda. Nikaingia baa na damu shatini, na hakuna aliyeiona. Wakaniuliza, umeiona ile penalti? Nikasema nimeiona.

— Malachy, akasema Redio, kwa nini hukutuambia?

Alifuta kiganja kwenye suruali.

— Hakulia, Attracta. Muuguzi alimpokea mlangoni akakimbia naye, na mtoto alikuwa hajalia. Niliogopa kuuliza. Nilifika mpaka lango la ile hospitali zaidi ya mara moja, nikageuza gari. Penalti ilikuwa rahisi kuisimulia.

Dervla aliweka kikombe chini, akakaa kwenye benchi, kati ya Malachy na Waziri, ambaye alijisogeza bila kuombwa. Akaushika ule mkono mkubwa wa mfuga kondoo kwa mikono yake yote miwili.

— Nililia huko ndani ya hospitali, akasema. Mama alisema nilipoanza, wodi nzima haikusikia matangazo ya mpira.

Malachy alicheka, au alijaribu kucheka, mabega yakimtikisika. Redio akaingia dukani kutengeneza kahawa nyingine, na kwa mara ya kwanza hakusema neno.