Saini Aliyoikataa Bi Kizibo

Wafiwa wenzetu, majirani na wageni, dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Bi Kizibo, jina alilobandikwa kazini kwa kejeli akalivaa kama nishani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha uani nyuma ya duka la vitambaa la baba, na kwa maelezo ya mama alianza kubisha kabla ya kutambaa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya wasichana, alikofukuzwa kwa kumsahihisha mwalimu wa baiolojia, akarudishwa baada ya mwalimu kufungua kitabu, na mwaka 1999 akahitimu shahada ya uzamivu.

Mwaka 2001 aliajiriwa na taasisi ya utafiti, akachunguza protini zinazozibana seli za mishipa midogo ya ubongo, ukingo kwa ukingo kama zipu, ili kila kinachozunguka kwenye damu kisijiingilie tu ubongoni, naye hakuchoka kutueleza mezani, chakula kikipoa, kwamba ukuta huo si wa saruji, kwamba mwili wenyewe huukaza na kuulegeza, na kwamba kupunguza protini moja si kubomoa ukuta.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2005.

Juni 2019, mkurugenzi wa taasisi, ambaye naye ameketi hapa mbele, ingawa hakualikwa, alitangaza kwamba protini moja ikipunguzwa, dawa yake ya uvimbe wa ubongo itapenya, kwa kuwa rangi aliyowadunga panya ilipenya, akataka wagonjwa waanze kudungwa, ndipo dada, akiwa mkuu wa maabara, akarudia jaribio kwa dawa yenyewe, akakuta rangi, yenye molekuli ndogo, inapita, lakini dawa, yenye molekuli kubwa, imebaki kwenye damu, maana yake wagonjwa wangelegezewa ukuta bure, akasema kikaoni, "Bosi, umepitisha sisimizi, unatangaza njia ya ng'ombe?", akakataa kutia saini kibali cha kuwadunga wagonjwa, na wiki hiyo hiyo akahamishiwa, "ili kuboresha ufanisi", stoo ya viti vibovu.

Alianza kuugua moyo Januari 2023, akalazwa hospitali tarehe 2 Mei mwaka huu, na mkurugenzi akafika wodini na kikapu cha matunda, "Dada, yaishe, sema tu umekubali," naye, akihema kwa shida, akajibu, "Matunda yaache, wewe nenda," akafariki alfajiri ya tarehe 11.

Jana, mbele ya mochwari, mkurugenzi alinishika mkono mimi, mdogo wa marehemu ninayewasomea wasifu huu, "Mdogo wangu, weka sentensi moja tu, kwamba mwishoni alikubali, nani atajua?", basi sentensi yenyewe ni hii, na isikike hadi nyuma: hakukubali, akili zake zilikuwa timamu, mumewe na binti yake walikuwepo, na atakayemwambia mgonjwa kwamba aliridhia anamsingizia maiti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa turubai na viti, mkurugenzi kwa shada la maua, ambalo tunaomba aondoke nalo, na ninyi wenzake wa maabara, ambao kuanzia Jumatatu mtaitwa ofisini mmoja mmoja na kuwekewa kalamu mbele yenu, tunawashukuru kwa kuja, na tunawatazama.

Pumzika kwa amani, dada; hadi tunakuzika, hakuna aliyetia saini.