Saa Iliyoandikwa Kiganjani

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja mwenye miwani alikidaka kiganja cha binti wa sekondari asiyemjua. Kilikuwa kimeandikwa kwa wino: saa 12 asubuhi.

"Mimi ni mwalimu, nasimamia mitihani mwaka wa ishirini huu. Hii ni nini kama si wizi wa majibu?"

"Shikamoo, mwalimu. Ni saa niliyovaa tamponi, ile pamba ya hedhi ya ndani," binti akajibu, wala hakushusha sauti. "Haitakiwi kukaa mwilini zaidi ya masaa manane, na kichwa changu pakacha, hakihifadhi kitu."

Baba aliyekaa pembeni yao ghafla akapenda sana kutazama dirishani.

"Sisi enzi zetu hatukuandika, na hatukusahau."

"Mlivaa vitambaa, mwalimu. Kitambaa kikijaa kinakutangaza mbele za watu. Hii inanyamaza tu, mpaka uugue."

Nikakohoa ili nisicheke. Mimi kilinitangaza mara mbili, na sketi ilikuwa nyeupe.

"Basi si ubadilishe ukifika?"

"Mtihani unaanza saa saba, yaani sasa hivi, na ni wa masaa matatu. Ukiomba kwenda chooni, msimamizi anakuambia ungejipanga nyumbani. Wewe ungeniruhusu?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Sheria ya mtihani, mwanangu, inasema..." akaanza, na basi likasimama kwenye geti la shule.

Binti hakungoja sheria imalizike. Aliruka chini akakimbilia vyooni.