Pankrasi Mbawala, Aliyetukalisha Alhamisi Tisa kwenye Mstari Mmoja

Baba Paroko, wafiwa, ndugu waombolezaji wa Lusewa na wa Songea mjini, tumsifu Yesu Kristo. Ninayesoma ni mjomba wa marehemu, mdogo wake mama yake. Shule niliishia darasa la nne, lakini ukoo huu ukitafuta mtu wa kuandika unakuja kwangu, na wasomi wenu wapo wanaangalia.

Marehemu Pankrasi Mbawala alizaliwa tarehe 12 Mei 1958 hapa Lusewa, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Filemoni Mbawala na dada yangu Kolastika. Jina alipewa kwa heshima ya mtakatifu somo wa siku ile. Nilimzidi miaka minne tu, lakini shikamoo alinipa tangu sote tukitoka makamasi, nami niliitikia kwa sauti ili wenzetu wasikie.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1974. Alikuwa na kichwa chepesi cha kukariri, hasa mistari ya Biblia, na mdomo mzito wa kuomba radhi. Kichwa alikitoa upande wetu.

Mwaka 1981 alihamia Songea, akafungua kibanda cha ufundi baiskeli Bombambili, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka zaidi ya arobaini. Kuendesha baiskeli nilimfundisha mimi. Kuitengeneza alilazimika kujifunza mwenyewe, kutokana na namna nilivyomfundisha kuiendesha.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu na Odilia Ngonyani, wakajaliwa watoto watatu. Ilikuwa ndoa njema, ila marehemu akishindwa hoja alikimbilia kabatini kutoa Biblia. Odilia akawa na jibu lake: “Baba Fausta, rudisha Biblia, bado hatujamaliza kuzungumza.”

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangeruka. Mimi siruki, kwa sababu marehemu alinikataza.

Mdogo wake, aliyebatizwa Henry, alikwenda Tunduru kulima korosho, akamwoa Aisha, akasilimu, akaitwa Muhsini. Tarehe 20 Agosti 2009 tulipomzika mama yao hapa Lusewa, Muhsini alikuja. Pankrasi akasimama kwenye lango la makaburi, Biblia mkononi, akasoma mstari wa kutochangamana na wasioamini, kisha akamwambia, “Wewe baki huko huko nje.” Wengi wenu mlisikia. Muhsini akasimama nje ya uzio mpaka mama yake akafukiwa, akaondoka bila kula. Na mimi mjomba mtu, na mdomo wangu huu mnaoujua, siku ile nilinyamaza. Miaka kumi hawakusemeshana.

Mwaka 2019 jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika, Bombambili, ambako nami naishi, ilianza mafundisho ya Biblia kila Alhamisi saa kumi jioni chini ya Mwalimu Kunegunda Haule, mstaafu. Sheria yake ilikuwa moja: hatusogei mbele mpaka kila mmoja atende tulichosoma na kutuambia alivyotenda. Tulikwenda vizuri tu hadi Mathayo sura ya tano, pale Bwana anaposema uache sadaka yako, ukapatane kwanza na ndugu yako. Hapo tukakwama.

Alhamisi ya kwanza Pankrasi alisema baiskeli za watu zimemjaa. Ya pili alisema mvua imeharibu njia.

“Mwezi wa tisa?” akauliza Mwalimu Kunegunda. “Mvua ya Songea gani hiyo?”

Ya tatu akasema amempigia mdogo wake simu, hapatikani.

“Namba yake unayo?”

“Sina.”

Tulicheka mpaka kikombe kikaanguka, lakini mwalimu hakufungua ukurasa. Wiki ya saba bibi mmoja akamwambia, “Pankrasi, baba, mimi nina miaka themanini na moja. Nataka nifike sura ya sita nikiwa hai.” Siku ile marehemu aliinama akaangalia mikono yake yenye grisi. Alhamisi ya tisa ilipopita, akanijia nyumbani. “Mjomba, nisindikize Tunduru. Peke yangu nitashukia Namtumbo njiani, nirudi.”

Tulimkuta Muhsini uani anaanika korosho. Pankrasi hakusubiri kiti. “Mdogo wangu, siku ya mama nilikufukuza. Nilitumia neno la Mungu kukupiga nalo. Nilikosa. Nisamehe.”

Muhsini aliendelea kutandaza korosho, safu nzima. Halafu akauliza, “Mmekula?”

“Hatujala.”

“Aisha, wageni hawajala. Kaka, kaa.”

Kuku niliyepewa siku hiyo sitamsahau. Alhamisi iliyofuata Pankrasi akatangaza, “Nimetenda.” Mwalimu akasoma mstari wa mbele yake, nao unasema upatane na mshitaki wako upesi. Pankrasi akashika kichwa: “Mbona na huu ni wangu?”

Kuanzia hapo alibadilika, si kwa siku moja. Ukali ulibaki, lakini akikosa alirudi kuomba radhi kabla jua halijazama, hata kwa mteja wa kuziba pancha. Biblia ilihama kabatini ikakaa mezani.

Kisukari kilimwanza mwaka 2016. Mwaka 2023 macho yalififia, na mwishoni mwa mwaka jana figo zikachoka. Mwezi Januari Muhsini alikuja Bombambili akakaa naye wiki tano, akimwogesha, akimnyoa, na kumsomea Mathayo kila asubuhi. Nikamtania, “Angalia, utaamka katekista.” Akasema, “Mjomba, macho ni yangu, masikio ni ya kaka.”

Siku chache kabla ya mwisho, marehemu aliniambia, “Usinipambe. Ya langoni yasome. Watu wa Lusewa walinisikia nikimfukuza, hawakunisikia nikiomba msamaha.” Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya mkoa. Watu wa Lusewa, sasa mmesikia.

Ameacha mjane, Odilia, watoto, Fausta, John na Derick, wajukuu saba, mdogo wake Muhsini na shemeji yake Aisha, na mjomba mmoja, anayetosha.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa fundi wake. Ampokee na kumpumzisha kwa amani. Na wewe jirani yangu Thadei, uliye pale nyuma, ambaye tangu Pasaka hatusalimiani: tukimaliza kuzika, usikimbilie gari. Nakuja.