Mifuko Saba ya Saruji

"Hiyo mifuko saba ya saruji iondoe kwenye historia," ndivyo mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa alivyomwambia shangazi asubuhi hii, uani kwa marehemu, viti vikiwa bado vinapangwa, na shangazi, ambaye ni mdogo wa marehemu na ndiye huyu anayewasomea, aliyepewa na familia kazi ya kusoma historia hii ya marehemu, akamjibu kwamba mifuko hiyo aliitangaza yeye mwenyewe kanisani na siku ile hakuna aliyemwomba aiondoe. Mwenyekiti akasema, "Shangazi, msibani hatuji kulipiza kisasi." Shangazi akasema, "Basi kaa mbele, mzee, usikie vizuri."

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Timazi kwa ajili ya ile kamba yenye uzito wanayopimia waashi kama ukuta umesimama wima, na ambayo haikutoka mfukoni mwake hata siku ya harusi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka 1972, baba yao akafariki, naye akaenda kubeba zege, na karo ya mdogo wake ikatoka kwenye mabega yale.

Kufikia mwaka 1979 alikuwa fundi kamili, na tusidanganyane mbele ya jeneza, alikuwa pia mlevi na mwizi, akiuza saruji ya wenye nyumba na kuwajengea kuta za mchanga. Tarehe 6 Aprili 1980 aliokoka, akazunguka mlango kwa mlango akiwaambia wenye nyumba alichowaibia, mmoja akamfukuza na mbwa, wengine akawajengea upya, kisha akatoa ushuhuda huo kanisani bila kuficha kitu. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mama watoto, mshonaji, ambaye alikuwa akimtania kwamba amemkuta ameshanyooka, kazi yake ni kupiga pasi tu, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2010 alipewa kazi ya kujenga birika la ubatizo, akalijenga kwa saruji ya kanisa bila kudai ujira, na plasta ilipomalizika akasema isiguswe na maji mpaka ishike. Mwenyekiti alikuwa na wageni Jumapili, akaenda akafungulia bomba Jumamosi. Jumapili wabatizwa walisimama na kanzu nyeupe, mchungaji akashuka, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu tu, mengine yalikuwa yamevuja usiku kucha, wageni wakacheka, na hapo mwenyekiti akashika kipaza sauti akasema, "Mnakumbuka ushuhuda wake? Mwizi wa saruji ni mwizi wa saruji, kwenye saruji tuliyompa, mifuko saba haimo humu." Yaani ule wema wa Mungu ambao marehemu aliutangaza kwa kinywa chake ndio uliogeuzwa kamba ya kumfungia.

Aliambiwa atubu mbele ya kanisa, akasema, "Niliyoiba nilishayasema, hii sikuiba, na sitamdanganya Mungu ili nibaki kundini." Akatengwa. Kwa miaka kumi na miwili meza ya Bwana ilimpita kwenye benchi la nyuma, na Jumatatu iliyofuata aibu ile alirudi na saruji yake mwenyewe akalipiga birika plasta upya, ndimo walimobatizwa wengi wenu, na wajukuu wa mwenyekiti wakiwemo.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na akafariki alfajiri ya tarehe 3 Agosti 2022. Siku mbili kabla, mwenyekiti alifika wodini, hakujua kwamba shangazi yuko nyuma ya pazia anaosha kikombe, akainama akanong'ona, "Timazi, saruji haikupotea, bomba nililifungua mimi, niliona aibu mbele ya wageni, nisamehe." Marehemu akasema, "Nilikusamehe siku ile ile, mzee, nenda salama." Shangazi akataka kumfuata koridoni, kaka yake akamshika mkono, "Muache, mdogo wangu, hata mimi nilisamehewa bure."

Marehemu alisamehe, na shangazi hana uwezo wa kufuta msamaha wa mtu. Lakini tuhuma ilisemwa kwa kipaza sauti, na toba ikasemwa kwa kunong'ona, na aliyeokoka hatubu sikioni kwa jambo alilolitangaza kwa watu mia tatu.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani waliotuazima viti na kuchota maji, na mafundi wenzake waliojenga kaburi na kulipima kwa timazi yake mwenyewe. Pumzika kwa amani, kaka, ukuta wako umesimama wima.

Mwenyekiti, kipaza sauti ni kile kile, na watu ni wale wale. Jeneza haliinuliwi. Njoo useme.