Gari ya Marhoun Ijumaa Ile

Barza yetu hapa Ibra, huku Arabuni, ni ubao mrefu wa kukalia ulioegemezwa ukutani kwa Marhoun, na wenyewe ni Marhoun na sisi watatu, kila Ijumaa, dele la kahawa katikati na sahani ya tende. Hamoud tunamwita Injinia kwa sababu anafanya kazi idara ya umeme, ingawa kazi yake ni kupanga mafaili. Mahrous ni Bwana Spea; kwao walitokea Tabora, na kila kitu kwake lazima kiwe na jina la Kizungu. Mimi ndiye mmiminaji, kwa hiyo nasikia yote. Ijumaa ile, mwaka tisini na sita, Marhoun alikuwa na jambo kubwa: dada yake Ghalia anakuja kutoka Unguja, ndege inashuka uwanja wa Seeb adhuhuri, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Walipoachana bandarini Unguja, Marhoun alikuwa na miaka minane, na tangu hapo hawajaonana. Kwa furaha, jana yake aliamua kuifanyia gari yake sevisi kwa mikono yake mwenyewe, oili mpya na plagi safi. Asubuhi alipoiwasha ikakohoa, ikapiga mshindo kama baruti ya harusini, ikazima. Na Ijumaa gereji zote zimefungwa.

— Injinia, hebu itazame, yakhe. Dada yangu atafika anikose! Marhoun alisema, jasho linamtiririka.

— Tulia. Kwanza kahawa, alijibu Hamoud. Gari ni mtoto, umleavyo ndivyo akuavyo. Umeifanya nini hasa?

— Nimezichomoa waya za plagi, zote nne kwa pamoja, nikasafisha plagi. Kisha nikazirudisha kwa adabu. Nimeanza ya kulia, nikafuatisha moja baada ya moja, kama tunavyopitisha kahawa.

— Bismillahi ulisema?

— Kila waya.

— Basi hapo hapana kosa, wallah.

Na sote tukaitikia: hapana kosa. Leo najua. Siku ya pili yake fundi alitucheka mpaka akashika ukuta: injini haipigi kwa mstari, plagi ya kwanza ikishapiga hufuata ya tatu, kisha ya nne, ya pili ndiyo mwisho, na kila waya una tundu lake. Lakini sisi ni watu wa kuanza kulia, tangu kahawa mpaka viatu, na hapana hata mmoja aliyewaza kuwa injini haikulelewa hivyo.

— Tatizo ni oili, alisema Mahrous. Injini ya zamani ina sistim yake. Imezoea oili chafu, nzito. Weye umeitia mpya, pistoni zinateleza, zinapitana.

— Zinapitana vipi, Bwana Spea? Kila moja si ina chumba chake? aliuliza Marhoun.

— Ndiyo hapo sasa! Mwenda pole hajikwai. Hizo zinakwenda mbio.

— Basi tuirudishe ile chafu?

— Maji yakimwagika hayazoleki.

— Nimeikinga kwenye ndoo, yakhe. Iko pale.

Mahrous akaninyooshea kikombe nimwongeze kahawa. Hamoud akapata nafasi.

— Miye nakwambieni, si oili. Gari hii Marhoun kainunua wapi?

— Sur.

— Aha! Imekulia pwani, inavuta upepo wa bahari. Hapa Ibra upepo mkavu, ndani kumekauka. Ndio maana inakohoa.

— Iko hapa mwaka wa sita, Hamoud!

— Kikohozi kikavu huja taratibu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Dawa yake?

— Chumvi. Kidogo tu, kwenye rejeta.

Marhoun alisimama kwelikweli kwenda jikoni kutafuta chumvi. Nilimshika kanzu. Alikuwa amefika pale ambapo mtu akiambiwa aibusu taa ya mbele, ataibusu, na mimi roho iliniuma kumwona hivyo.

Adhana ikatutoa, tukaenda msikitini kwa miguu, tukasali, tukarudi. Marhoun akaiwasha tena, ikapiga mshindo mwengine, njiwa wote wa mtaa wakaruka.

— Ndege za Afrika huchelewa, nilimwambia ili kumpoza.

— Na ikiwahi? Atakaa na nani pale? Yeye hamjui mtu hata mmoja.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Hamoud.

— Miye siyo mgonjwa, Hamoud! Gari ndiyo ngonjwa!

— Basi ni jicho, alisema Mahrous. Serious. Uliiosha jana ikang'aa, nani alipita asiseme mashallah?

— Weye ulipita.

— Miye nilisema, lakini moyoni. Basi tuifukize ubani kwenye boneti.

Ubani ukatafutwa, ukapatikana karibu na alasiri. Tulikuwa sote wanne tumeinamia injini, moshi umetufunika, petroli iko pale pale na Mungu ametuhifadhi tu, teksi iliposimama nyuma yetu. Akateremka mama mmoja mtu mzima, buibui jeusi, kikapu cha ukili mkononi.

— Salaam aleikum. Nimeambiwa hapa ni kwa Marhoun. Marhoun ni yupi?

Tukajitoa kwenye moshi. Marhoun akainua mkono mweusi wa oili.

— Shikamoo, dada, alisema.

— Marahaba, mdogo wangu.

Alimkumbatia na oili yake yote. Walilia wote wawili, na mimi nilitazama pembeni kwa sababu na mimi nilikuwa nalia. Alipojifuta macho akasema:

— Nimekungoja uwanjani mpaka nikasema umepata ajali, basi tena nimekukosa. Kumbe ni gari tu?

— Ni gari tu, dada. Imekataa tangu asubuhi.

Ghalia akaiangalia ile gari inayofuka ubani. Kisha akatazama ng'ambo ya njia, kivulini mwa mitende, ilipoegeshwa gari yangu, na ya Hamoud, na ya Mahrous.

— Na zile tatu, aliuliza kwa upole, nazo zimeharibika?

Tuligeuka, tukazitazama kama ndiyo kwanza tunaziona. Marhoun akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na dada yake, na buibui lake la safari, akakaa chini ubavuni pake.